Maziwa Yanayompalia Mjukuu Wako

Mama,

Shikamoo. Mjukuu uliyeondoka bila kumwona amezaliwa, na tumempa jina lako. Ningependa kukuandikia kwamba sote wazima. Mimi si mzima, Mama.

Maziwa yamenijaa kupita kiasi. Mtoto akishika tu ziwa, yanamrukia kooni, anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, kisha anajipinda na kulia. Siku hizi analia hata kabla sijamweka kifuani. Mama mkwe amekuja kutoka Kisawasawa kunilea uzazi, kwa kuwa wewe hupo. Mwanzoni alisema mtoto ana njaa, maziwa hayatoshi. Akanishindilia uji wa ulezi na supu ya samaki aina ya kitoga asubuhi, mchana na jioni. Nikanywa, ningemkatalia vipi? Maziwa yakazidi. Nikawa nayakamua yote nipate nafuu, kumbe ndivyo ninavyoyaita mengine.

Juzi akabadilika. Anasema tumembemenda mtoto, eti mimi na mume wangu tulilala pamoja bila kusubiri arobaini iishe, ndiyo maana mtoto anakataa ziwa. Akatamka mbele ya majirani: "Maziwa hayo yameharibika. Apewe ya ng'ombe." Uongo mtupu, Mama! Na mume wangu aliinamisha kichwa tu. Nina hasira.

Leo kliniki nesi amenitazama nikinyonyesha. "Maziwa yako hayana ubaya," akasema, "yana haraka." Akaniambia niegemee nyuma, mtoto nimlaze juu yangu. Yale ya kwanza yanayoruka niyaachie kwenye kanga. Ziwa lile lile nimrudishie kwanza kabla ya kuhamia la pili, na nikikamua, iwe kidogo tu.

Hapo nikakuona, umekaa kwenye jaruba la mpunga kule Mang'ula na mdogo wangu mapajani, unaachia maziwa kwenye pindo la kanga huku ukicheka, "Ngoja mvua ipungue." Nilidhani unacheza. Mbona hukuniambia, Mama? Nani mwingine alipaswa kuniambia?

Mchana huu amenyonya bila kupaliwa. Ni mara hiyo moja tu, halafu akalala. Lakini jikoni nasikia mama mkwe anapoza maziwa ya ng'ombe.

Pumzika kwa amani, Mama yangu. Nakuahidi hivi: akiingia na kikombe chake nitapiga magoti kama ulivyonifundisha, nitamshukuru, na maziwa hayo mtoto simpi.

Mwanao