Kizingiti cha Wola

Warszawa, Wola, 2 Desemba

Mdogo wangu Ludwik,

Hujambo huko uliko? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayonuna kwa baridi. Nakuandikia kazini kwa sababu sijui unakoishi. Ninalolijua ni hilo jengo lako la vioo, ambalo kila siku baada ya chakula cha mchana linaninyima jua.

Nyumba yetu ya wafanyakazi wa kiwanda itabomolewa Januari, yajengwe maofisi mengine. Nimepewa chumba mtaa wa Bródno, sina malalamiko. Ila Krismasi hii ndiyo ya mwisho hapa. Miaka sita imepita tangu ulipopokea simu huku Mama akiteremshwa kaburini, nikakusema mbele za watu, nawe ukaapa kwa jina lake kwamba hutavuka tena kizingiti chetu.

Sahani ya mgeni asiyetarajiwa naiweka mezani kila mkesha wa Krismasi, kama ilivyo desturi yetu. Mwaka huu njoo uilie wewe. Ndani ya bahasha nimetia kile unachokijua. Fanya kama Mama alivyotufundisha.

Dada yako,
Bogumiła

10 Desemba

Dada Bogumiła,

Salamu. Natumaini u mzima. Barua nimeisoma. Pole kwa kuhama; Bródno si pabaya, kuna lifti. Kuhusu Krismasi, kiapo ni kiapo, na wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo. Ile kadi nyeupe uliyoitia haina maandishi. Nadhani ulisahau.

Ludwik

14 Desemba

Ludwik,

Natumaini baridi haijakuumiza. Mimi nipo.

Ile si kadi. Ni mkate wa mkesha, mwembamba kama hostia, wenye picha ya hori la Mtoto Yesu. Nakueleza kama mtoto wa darasa la kwanza, maana nilikuwa mwalimu na ugonjwa wa kueleza haujanitoka. Aliye mbali hutumiwa kwa posta, kona moja ikiwa imekwisha kumegwa. Naye humega, akala, na hapo wawili hao wamesameheana hata kama hawajasemezana. Kona iliyokosekana niliila mimi.

Ikiwa mkate huo umekuwa kadi machoni pako, sitakusumbua tena.

Bogumiła

22 Desemba

Dada yangu,

Hujambo? Usinicheke mwandiko, mkono umesahau kalamu.

Hapa barua hazitufikii. Hufunguliwa chini kabisa ya jengo, zikapigwa picha, nasi tukasoma picha kwenye kompyuta. Barua yako sikuigusa. Niliona mraba mweupe tu.

Leo nimeshuka huko. Kuna mama mmoja wa Kiukreni, Halyna, amezungukwa na masanduku. Akanitazama tai. "Bosi umepotea? Lifti ya kupanda iko nyuma yako."

Nikamweleza. Akavuta droo. "Kumbe ni chako? Karatasi zenu nazitupa, lakini hiki, mkono ulikataa kukitupa. Nyinyi wa juu mnaletewa Krismasi kwa posta, halafu mnauliza ni kadi gani."

Nimemega papo hapo, nimekula nimesimama. Naye nimempa kidogo. Kilichobaki sikitii kwenye bahasha tena, nitakileta mwenyewe. Lakini kiapo nilikila kwa jina la Mama, dada, na sijui nitafika wapi.

Mdogo wako,
Ludwik

Bródno, 19 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo, na kifua kimepona? Ngazi zile zilikuwa na baridi kali.

Bado nakuona usiku ule wa mkesha umesimama mlangoni na theluji mabegani, viatu vyako vimegusa kizingiti bila kukivuka. Kwetu watu hawapeani hata mikono juu ya kizingiti, ni nuksi, seuze mkate. Basi ilibidi mimi nitoke na sahani, tukala tumekaa ngazini. Jirani Wacek bado anasimulia alivyoruka sahani za supu nyekundu ya bitiruti akipanda kwake. "Mwalimu," ananiuliza, "mezani palijaa?" Namwambia mgeni alikuwa na kiapo, na kiapo hakivunjwi kwa ajili ya supu.

Leo nilikwenda Wola kutazama. Mashine ya kubomolea ilianza na paa, ikaja ukutani, mwisho ikang'oa mlango na kizingiti chake, vikatupwa kwenye lori pamoja na matofali.

Sasa hakuna cha kuvuka. Njoo Jumapili. Hapa Bródno hujaapa kitu.

Dada yako,
Bogumiła