Majani ya Nyuma ya Choo

Lushebere, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Kwako dada yangu Kanyere, kule Butembo,

Salamu mingi. Natumaini hii barua itakukuta na afya, na goti yako imeacha kukusumbua. Huku mu kambi ya bakimbizi tuko. Masasi ya bunduki tunasikia ya mbali, na ya mbali haihesabiwe. Moto yangu, ile pikipiki, ingali inatembea, ijapo ku breki naombaka Mungu. Réseau ya simu haiko, njo maana nimepatia Papa Émile hii barua, anapita njia ya Walikale.

Nakuandikia juu ya kaka yetu Maurice. Zamani nikimubeba ku moto, pneu, mupira ya nyuma, ilikuwa inaniuliza nimebeba bantu wangapi. Ulipokuja mwezi wa kumi na moja ulimukuta mifupa, ukauliza kilo zilienda wapi. Zilibaki Kampala, dada.

Ile safari ya Kampala, alisema ni ya kutafuta bidhaa, ilikuwa ya munganga wa hospitali. Ugonjwa ya sukari ilikuwa inamumaliza Maurice, njo munganga akamupunguza tumbo, ikabakia nyembamba kama ndizi moja ya kitika. Miye nilimusindikiza, nikaandika mashauri, kwa kuwa nilisoma mpaka darasa ya ine. Mbele ya kupasuliwa: wiki mbili za muchuzi na maziwa tu, ili ini ipunguke, na sigara aache. Kisha: chakula ya kikombe ya kahawa, kutafuna mpaka taya ichoke, maji asichanganye na chakula, vitamini kila siku mpaka kufa. Akitapika-tapika, arudie kwa munganga mbio. Munganga alisema kisu ni kazi ya saa mbili. Ingine yote ni ya mugonjwa na ya ule anayemupikia.

Anayemupikia alikuwa bibi yake wa ndoa, Nyirakamana. Njo alikuwa anamupimia kila kikombe. Maurice alituapisha sisi wawili tunyamaze: hapa bantu banakonda bure kwa njaa, ataanzia wapi kubaambia kama yeye alilipa?

We ukasema ni karuho, ile sumu ya polepole, na bibi yake njo alimutilia mu maziwa ya kwao. Ukanituma nitafute majani ya kutapisha.

Sasa dada, ikala chini kwanza. Yale majani nilileta, nilichuma tu nyuma ya choo. Hayatapishe hata kuku. Niliogopa Maurice akitapika kwa nguvu, tumbo itapasuka. Nilijiona muerevu. Lakini alikunywa, hakufa, na wote mukasema dawa imeshinda karuho, basi karuho ilikuwako. Majani yangu njo ilimuhukumu Nyirakamana. Siku mulimufukuza aliangalia Maurice, akaniangalia miye. Tulinyamaza wote wawili.

Tangu aende, Maurice anakula ovyo, anatapika. Vitamini iliisha Noeli, njia ya Mubambiro, kwenye zilikuwa zinapitia, ilifungwa, miguu imekufa ganzi. Munganga wa hapa alimudunga sindano, akasema bila muntu wa kumupimia chakula hatafika mbali.

Nilienda Kingi, kwa wazazi ya Nyirakamana. Nyirakamana mwenyewe alinipa maziwa, nilikunywa mbele yake, kikombe yote. Akasema atarudi siku ule aliyemuita mulozi ataandika kwa mukono yake kama yeye si mulozi. Maneno yangu haitoshe, ati miye ni muntu wa kuchekesha.

Basi kalamu ya Bic iko ndani ya bahasha. Papa Émile atalala kwako siku mbili, kisha atarudia huku.

Maurice anakusalimia, amelala. Salimia batoto, na goti.

Ni miye mudogo wako,
Archange, ule wa majani