Kioo Kilipouliza Kama Niko Macho

Dada yangu,

Nina miaka sabini na minne, nimezika malori matatu na sijagonga hata kuku. Mwanao, aliyebuni programu ya lori linalojiendesha, alinitangazia mbele ya madereva wenzangu: "Mjomba, kazi yako sasa ni kugusa kioo tu." Kila dakika kioo hicho cha kompyuta kinauliza kama dereva yuko macho; usipogusa, lori linasimama. Basi siku ya kuwaonyesha mabosi, tukiwa nao ndani ya lori pamoja na mwanao, katikati ya daraja, kikauliza. Nikakunja mikono.

"Mjomba, gusa!"

"Liambie lori wewe mwenyewe, fundi."

Lori likagoma hapo hapo. Mabosi wakarudi kwa miguu, mwanao akafukuzwa kazi, nami pia. Akija kwako kulia, mwambie nilikuwa macho kabisa.

Ni mimi kaka yako, dereva. Shahidi ni askari wa daraja, aliyecheka mpaka kofia ikamdondoka.