Udhu wa Mara Moja

Hafsa na bibi yako,

Chai ipo kwenye chupa, mihogo mmenye wenyewe. Mie nimeenda hospitali kwa daktari wangu wa wasiwasi. Hafsa, mwambie baba yako, huko Ziba kwa mganga aende yeye, mie sina jini.

Leo nimetawadha mara moja tu! Moyo ukasema rudia, miguu hujaosha vizuri. Nikagoma. Nikaswali hivyo hivyo, mwisho wasiwasi ukapoa wenyewe, kama daktari alivyosema. Na wewe bibi yake Hafsa, ukinionea huruma tena ukaniletea ndoo ya pili, tutagombana.

~~Hafsa, hebu kaangalie kama banda la kuku nimefunga.~~

Hiyo nimeifuta. Usiende. Nikipiga simu kuuliza, usinijibu. Kuku wakitoka, watoke.

Babu yako