Siku Kumi na Moja za Mnara

Kwa Bibi, ng'ambo ya ziwa
29 Agosti

Kwako kaka Dolgun,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kimepona? Na ile supu ya bwenini umeizoea, au bado unampa paka? Sisi hatujambo. Bibi anasema umekuwa adimu tangu upate marafiki wa mjini. Ng'ombe wake Kugas anatoa maziwa vizuri. Nyasi za majira ya baridi tumemaliza kukata, sindano za misonobari zimeanza kuwa njano, na juzi asubuhi ndoo ilikuwa na utando wa barafu.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nikieleza vibaya nivumilie, maana hata mimi sijui nimefikia wapi.

Unaukumbuka mnara wa chuma anaoulinda baba msituni. Mwaka huu yule mtafiti, Varvara Yegorovna, alikuja Juni akakaa kiangazi chote. Hanicheki nikimwuliza maswali. Alinieleza kwamba vipimo vya kule juu vinanusa hewa mara kumi kila sekunde, inayopanda na inayoshuka, kisha vinahesabu msitu umevuta hewa ukaa kiasi gani, umetoa mvuke kiasi gani, na joto la jua limekwenda kupasha hewa au kupandisha maji. Mchana wa kiangazi msitu unatakiwa kuvuta hewa ukaa, usiku unatoa. Alisema miti yetu inakunywa maji ya barafu iliyo chini ya udongo, ndiyo maana inaishi ingawa mvua ni haba. Nilimwuliza kama barafu ikiyeyuka zaidi miti itastawi. Akasema mwanzoni ndiyo, baadaye ardhi inatitia na miti inaanguka. Hilo nililiwaza siku mbili na bado sikulielewa.

Basi Julai, siku kumi na moja, jua likiwa kali mchana, mnara ulisema msitu unatoa badala ya kuvuta. Varvara alisafisha vipimo, akabadilisha bomba, hali ikawa ile ile. Mwishowe akamwambia baba kwamba huenda udongo ulioganda umeanza kufunguka, na mizizi na majani yaliyolala humo tangu zamani sasa yanaoza na kutoa pumzi. Alisema huenda, kaka, nilisikia mwenyewe. Lakini baba aliufikiria ule ufa wa ardhi ulio nyuma ya zizi, akaamua Bibi ahamie kijijini moja kwa moja, Kugas aende kwa shangazi, na nyumba hii ivunjwe.

Bibi alibisha wiki tatu. Alimwambia, "Prokopiy, ulizaliwa kwenye kitanda kile pale. Ardhi haikukumeza wewe na unene ule, leo itanimeza mimi mkavu hivi?" Baba akamjibu kwamba mnara hauna ugomvi na mtu, unasema kilichopo tu. Hapo ndipo alipomshinda. Bibi aliutupia moto wa jikoni kipande cha mkate wenye siagi, kama afanyavyo akiwa na la kuomba, kisha akaniambia nimletee masanduku. Tangu Jumatatu tunafunga vitu. Kesho baba anakuja na lori.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Kiangazi chote nilikuwa nampeleka Kugas penye uwazi chini ya mnara. Nyasi ni nzuri, nami nasoma kwenye kivuli cha kibanda cha vipimo pasipo mtu kuniita. Julai kuna siku mbu walimzidi Kugas mpaka macho yakavimba, nikawa namwashia samadi kavu ili moshi uwafukuze, kama tunavyofanya hapa uani kila siku. Baba ameweka ubao unaokataza moto. Mimi nilidhani unawahusu wawindaji na sigara zao. Moshi wa ng'ombe hata sikuuhesabu kuwa moto.

Juzi nikifunga vitabu vyangu nililiona lile daftari ninamoandika tarehe, kurasa nilizosoma na mahali nilipokaa. Nikalilinganisha na zile tarehe kumi na moja alizotuachia Varvara alipoondoka. Siku tisa kati ya zile kumi na moja nilikuwa chini ya mnara. Moshi ulionuswa na vipimo ulikuwa wangu.

Kwanza nilifurahi, halafu nikaona aibu, halafu nikaziona zile mbili zilizobaki. Siku hizo nilikuwa kijijini kwa daktari wa meno, na Kugas alikuwa zizini. Je, ardhi inafunguka au haifunguki? Nikisema, Bibi atabaki, na ikiwa kweli udongo unazama nitakuwa nimembakiza mimi. Nikinyamaza, nitakuwa nimemhamisha kwa samadi ya ng'ombe wake mwenyewe.

Leo tukikamua nilimwambia Bibi. Alicheka mpaka akaegemea ubavu wa Kugas. "Kumbe mnara wao umenusa mavi tu." Kisha akafuta macho, akaniuliza, "Na hizo mbili, mjukuu wangu, ni za nani?" Akaendelea kukamua.

Kesho nitamwambia baba. Msalimie mwenzako wa chumbani, na usitoke bila kofia.

Ni mimi mdogo wako,
Nariyaana

30 Agosti. Bahasha ilikuwa bado wazi, naongeza. Baba alikuwa ameshapakia masanduku yote ndipo sauti ikanitoka. Hakunigombeza. Aliuliza majivu niliyamwaga wapi, akachukua sepetu akakimbilia mnarani, kwa sababu moto kwetu unaweza kuingia ardhini na kuishi humo majira yote ya baridi. Alirudi amejaa udongo, akasema pamepoa. Kisha akanipeleka kilimani penye mtandao nimpigie Varvara mwenyewe. Alinitaka nisome tarehe mara mbili. Akasema tisa atazifuta, mbili atazibakiza, na kwamba hata yeye hajui zaidi yangu mpaka tupime kiangazi kingine.

Tuliporudi baba alishusha masanduku, moja moja. Alipofikia mawili ya mwisho, lenye picha za ukutani na lenye nguo nzuri za Bibi, Bibi akamzuia kwa mkono. Alisema hayo yaende kijijini, yamtangulie.

Lori limeondoka nayo. Bibi ameshateka maji ya chai, nami sijui nifurahi au nilie.