Mwiko wa Mkwe na Tambi za Mchele

Jumamosi, 2 Desemba 1995, Berchem-Sainte-Agathe, Brussels

Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile isiyomlowesha mtu kwa ghafla bali humwingia taratibu hadi mifupani. Kesho tunaanza Majilio. Nimekaa mezani karibu na dirisha, lakini masikio yangu yako chumba cha pili, ambako mke wangu anapiga pasi kitenge chake cha kwaya. Anaimba kwa sauti ya chini. Nitaandika maadamu anaimba.

Leo nimepika.

Naliandika neno hilo kwa haya. Nina umri wa miaka sitini na minane. Nilifundisha katekisimu kule Bukavu kwa miaka thelathini, nikawaandaa watu wengi kwa ubatizo na ndoa, lakini jikoni sikuwahi kuingia isipokuwa kuomba maji ya kunywa. Ndivyo tulivyolelewa, na sikupata kujiuliza kama malezi hayo yalikuwa mema.

Sababu ya yote ni Mama Riziki. (Riziki ni binti yetu wa kwanza, kwa jina lake ndivyo tunavyoitana, yeye Mama Riziki, mimi Papa Riziki.) Kwa miaka mingi tumbo lilimtesa akakonda, hata mwaka jana daktari akatueleza chanzo chake: ngano, au tuseme kitu kilichomo ndani ya ngano kiitwacho gluteni. Chembe ndogo tu yatosha kumlaza siku mbili. Padri wetu aliposikia alimwombea ruhusa, na sasa Mama Riziki hapokei hostia, kwa kuwa ni mkate wa ngano. Anakunywa divai ya kikombe tu.

Meza ya Bwana ilipata njia. Meza yangu haikupata.

Sisi tuliokula katika sahani moja kwa miaka arobaini, tangu siku ile tunakula kwa zamu. Mimi kwanza, yeye baadaye, chakula chake na sahani yake, amenipa mgongo kama mtu anayejificha.

Kuna chakula kimoja alichokiaga kwa majonzi zaidi kuliko mkate. Kila Jumamosi, akitoka mazoezi ya kwaya, alikuwa akishuka kituo cha Porte de Namur na kununua tambi za Mchina mmoja mwenye duka dogo pale pembeni. Alizileta nyumbani ndani ya kikasha cha karatasi, zingali moto, akazila amefumba macho. Mwezi uliopita nilimkuta ameshika kikasha kitupu cha zamani alichokuwa akihifadhia vifungo. Alikuwa anakinusa.

Hapo ndipo udadisi uliponishika. Kuna nini hasa katika tambi zile?

Nilikwenda kwa Mchina mwenyewe, nimevaa koti langu jeusi na kofia, daftari mkononi. Nilisimama mbele ya dirisha la jiko lake kwa muda mrefu, nikiandika. Mwishowe akatoka, uso umembadilika, akaniuliza kwa Kifaransa kama mimi ni mkaguzi wa afya. Nilipomweleza habari za mke wangu alicheka kwa faraja, kisha akawa mwalimu wangu. Tambi zake ni za ngano, alisema. Nitafute za mchele. Nisizichemshe, nizilaze tu katika maji ya vuguvugu hadi zikubali kupinda bila kukatika. Karai iwe moto mpaka itoe moshi. Nipike kidogo kidogo, nisijaze.

Niliyaandika yote, na jioni ile nikayasoma tena kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Kati ya vitu nilivyonunua, chupa ya mchuzi wa soya ndiyo iliyonishangaza. Niliisoma kwa kioo cha kukuzia, na miongoni mwa maneno madogo nikaliona: ngano. Ndani ya kitu cheusi kama wino! Nani angedhani? Ilinichukua siku nne na safari tatu za tramu kupata duka la vyakula vya wagonjwa linalouza mchuzi wa soya tupu.

Jumamosi iliyopita, Mama Riziki akiwa kwaya, nikapika. Vitunguu saumu, tangawizi, kabichi, karoti, yai. Nilitaka kila kitu kiwe na heshima yake, basi nikautungua msumarini ule mwiko mkubwa ambao mama yake alimpa siku ya arusi yetu, mwiko uliovuka nasi hadi huku. Niliona unafaa kwa kazi ya namna hiyo.

Aliporudi alisimama mlangoni, akanusa, akafumba macho. Akala. Akanishika mkono.

Baada ya saa tatu alikuwa amelala sakafuni bafuni.

Aliinuka siku ya tatu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Papa Riziki, merci. Lakini siwezi kula tena chakula yenye muntu mwengine amepika. Hata yako." Kisha akaenda kujipikia uji.

Nilitaka kumrudisha kwenye sahani yetu, nami nikaifunga njia kwa mikono yangu.

Nilifanya uchunguzi kama ule wa dhamiri kabla ya kuungama: kitu kwa kitu, tendo kwa tendo. Tambi? Nilizisoma upya, mchele na maji. Mchuzi? Nilirudi dukani, mwanamke anayeuza akanithibitishia kwamba hauna ngano. Karai ilikuwa mpya. Je, kabichi? Nilikuwa nimefika mahali pa kuishuku kabichi.

Juzi Alhamisi walikuja wenzake wa kwaya. Nilimwomba Mama Riziki ruhusa ya kukaa jikoni nimtazame tu anavyopika. Alinitazama kama mtu aliyeomba kukaa darini, akanisogezea kiti.

Alisonga bugali, yaani ugali wetu, ya wageni. Unga wa muhogo, halafu akamimina semoule, chenga za ngano, ili ushikane, kama tufanyavyo wengi wetu hapa Brussels. Akausonga kwa ule mwiko mkubwa. Akausuuza mwiko, akauning'iniza msumarini. Kisha akavuta droo, akatoa mwiko mwingine mdogo uliofungwa kitambaa cheupe, akaanza kusonga bugali yake ya muhogo mtupu.

"Mbona miiko miwili?" niliuliza.

"Ile mukubwa ni ya bugali ya wageni, yenye semoule. Mbao inakunywa, haitoke hata ukisafisha. Hii ni yangu. Tangu mwaka jana." Mkono wake ukasimama. "Papa Riziki. Zile tambi ulikorogea na nini?"

Nilielekeza kidole msumarini.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Aï, Yesu wangu! Donc ni mama yangu njo alitaka kuniuwa, na mwiko yake!" Na alipopata pumzi: "Miaka makumi ine uko mu hii nyumba, na haujuwe iko miiko ngapi?"

Sikujua. Hilo ndilo ninaloliungama hapa. Nilisoma chupa kwa kioo cha kukuzia, nikaandika mafundisho ya Mchina neno kwa neno, lakini mtu aliyekuwa na jibu sikumwuliza.

Leo nimepika tena, kijiko cha chuma mkononi. Nilimwomba aketi kwenye kile kiti. Aliketi, mikono mapajani, akatazama kila kitu kilichogusa karai, akasema mara moja tu: "Bon, moto ni kidogo, ongeza."

Nikapakua katika sahani mbili, kama tulivyozoea sasa. Akaitazama yake kwa muda mrefu. Sikumhimiza. Kisha akaiinua, akaimimina yote juu ya yangu, akavuta kiti chake upande wangu wa meza.

"Omba basi, tambi zinapoa," akasema.

Niliomba sala fupi kuliko zote nilizopata kuomba.

Tulianza kula saa sita na nusu. Sasa ni saa kumi kasoro robo. Zile saa tatu za Jumamosi iliyopita zimepita kwa dakika kumi na tano, nami sijui bado kama ni neema au maradhi yamechelewa tu. Mimi niliyefundisha imani kwa miaka thelathini nimekaa nahesabu dakika. Ya kesho nitayajua kesho, pale atakapoamka.

Pasi imewekwa chini. Kimya.

Hapana. Alikuwa anageuza kitenge tu. Ameanza ubeti wa pili.