Haionekani

Usa River, Arusha

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini mahindi mmeshapukuchua, na goti limekupa nafasi ya kwenda kanisani. Sisi huku wazima, na safari hii nikisema wazima sikufichi kitu. Nimeandika kwa sababu chumba chetu cha kupanga kimetenganishwa na jirani kwa mbao tu. Haya siwezi kuyasema kwenye simu.

Tangu mtoto atolewe damu kisiginoni, nilikuwa roho juu. Dawa zangu nameza kila siku, na yeye nilimpa ile ya maji kama nilivyoelekezwa, lakini mawazo yote yalikuwa kwa yule wa kwanza, aliyetutoka kabla sijajua nina virusi. Halafu damu yenyewe ikaharibika njiani kwenda maabara, wakamtoboa tena. Nikaanza kusubiri upya.

Alhamisi niko shambani nakata waridi, akaja Mama Nnko, mama wa Kimeru anayejitolea kliniki kutufuatilia wenye watoto wachanga. Mtu mwema sana, ila Kiswahili chake unakijua mwenyewe ukikisikia: mbuzi haionekani, viatu haionekani, watu haionekani. Akanivuta pembeni, akasema, "Nesi amesema haionekani. Uende."

Mama, nilipandwa na hasira. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikaenda zahanati na mabuti yangu ya shambani, matope na yote. Nikaingia chumba cha nesi, nikafunga mlango, hata salamu sikutoa.

"Mmepoteza damu ya mwanangu tena? Mtamtoboa mara ngapi?"

"Nani kakwambia imepotea?"

"Mama Nnko. Kasema haionekani."

Yule dada alicheka mpaka akaweka peni chini. "Virusi ndivyo havionekani, Fides. Mtoto wako hana."

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa nikalia, na yeye akaniacha nilie. Baadaye ndipo akanieleza sawasawa: mtoto atapimwa tena akiwa na miezi tisa, na tena nikishamwachisha ziwa, na dawa zangu nisiruke hata siku moja. Nikamwambia hilo asiwe na wasiwasi nalo.

Akachukua kadi ya kliniki. Mpaka siku ile ilikuwa imeandikwa "Mtoto wa Fides", maana nilikataa kumpa jina. Yule wa kwanza tulimpa jina lako, tukamzika nalo, na wewe ukasema lisirudiwe. Nesi akauliza, "Sasa huyu anaitwa nani?" Nikasema Skolastika. Nisamehe Mama, sikukuuliza. Lilinitoka lenyewe, na nimefurahi lilivyonitoka.

Baba yake ameshaanza utani. Kila akimbadilisha nepi anamwamkia, "Shikamoo mama mkwe." Mama mkwe naye anamkojolea.

Nisalimie dada na wanawe, na baba mdogo mwambie koti lake nimelipata mtumbani Kaloleni, nitamtumia kwa basi. Mama Nnko naye anakusalimu, ingawa hakujui.

Jumapili ukipiga simu, usiulize kama ulivyozoea, "Mtoto hajambo?" Uliza Skolastika hajambo. Jirani akinisikia nikijibu atajua ni salamu tu. Mimi nitajua umekubali.

Ni mimi mwanao,
Fides, mama wa wajina wako